Ausbildung ya uuguzi Ujerumani: namna ya kupata hospitali inayokulipa ukisoma

Ujumbe ninaoupata kutoka Kilifi, Voi na hata Nakuru huja na swali moja: "Dada, karo ni pesa ngapi?" Hulipi karo. Hospitali ndiyo inayokulipa wewe. Jambo hilo likikuingia vizuri, mengine yote yatakuwa mepesi, maana utajua nani wa kumdai nini.

Niko mwaka wa tatu wa mafunzo ya uuguzi katika hospitali ya mji mdogo kusini mwa Stuttgart. Wajerumani huyaita mafunzo haya Ausbildung, nasi Wakenya tumelizoea jina hilo, kwa hiyo nitalitumia. Si chuo chenye mazoezi ya hospitali pembeni. Ni mkataba wa kazi wenye shule ndani yake. Kwa miaka 3 unasoma saa 2,100 darasani na kufanya kazi saa 2,500 kwa wagonjwa, na mshahara unaingia kila mwezi, hata ile miezi unayoshinda darasani na daftari. Nyumbani tumezoea mwanafunzi alipe karo, anunue sare yake, kisha aingie wadi afanye kazi bila senti. Ndiyo maana watu wengi hawaamini ninapowaeleza, na ndiyo maana matapeli wanawala kwa urahisi.

Kwanza jipime

Kama tayari wewe ni muuguzi uliyesajiliwa na Baraza la Wauguzi la Kenya, usianze Ausbildung. Utatumia miaka 3 kusomea kazi unayoijua. Njia yako ni kutambuliwa kwa cheti, wao huiita Anerkennung: jimbo linalinganisha masomo yako na ya kwao, linakuandikia upungufu uko wapi, kisha unauziba kwa mafunzo ya muda au kwa mtihani huku ukiwa umeajiriwa. Nimewaona dada zangu wenye diploma wakishawishiwa waanze mwaka wa kwanza kwa sababu wakala wao alikuwa na nafasi za Ausbildung tu mkononi. Jambo hili huniuma sana.

Kama umemaliza kidato cha nne na hujasomea uuguzi, hii ni yako. Sheria inataka elimu inayolingana na miaka 10 ya shule ya Ujerumani, kwa hiyo KCSE yako itafsiriwe na mtafsiri aliyeapishwa na kupelekwa kwa ofisi ya jimbo utakakofanya kazi. Kwetu Baden-Württemberg ofisi hiyo ni Regierungspräsidium Stuttgart. Sheria haina ukomo wa umri. Darasani kwetu yupo mama wa watoto watatu, naye ndiye tunayemkimbilia sote tukikwama.

Lugha kabla ya pasipoti

Viza inaweza kutolewa ukiwa na Kijerumani cha kiwango cha B1 (ngazi huanzia A1, na B2 iko juu ya B1), lakini shule nyingi za uuguzi zinataka B2, nami nakusihi usije na pungufu ya B2 hata akitokea wa kukukubali. Vyeti vya mitihani ya Kijerumani vya Goethe, telc na ÖSD vinakubalika. Nairobi, Goethe-Institut iko Maendeleo House, Monrovia Street. Ndugu zetu wa Tanzania wanayo ya Upanga, Dar es Salaam. Kutoka A1 hadi B2 jipangie mwaka mzima au zaidi ukisoma kwa bidii, na anayekuahidi miezi mitatu anakudanganya.

Kozi itakufundisha kuagiza chakula na kujadili mazingira. Haitakufundisha kupokezana zamu. Hapo nesi wa usiku anasoma wagonjwa wote wa wadi kwa kasi, kwa vifupisho, na wewe unatakiwa utoke pale ukijua nani haruhusiwi kula, nani ana homa, nani alianguka saa tisa usiku. Kwa hiyo ukifika B1 anza mazoezi ya pembeni. Jifunze viungo vya mwili hadi uvitaje usingizini. Jifunze vitenzi vya kazi: kugeuza, kukalisha, kufunga bandeji, kupima, kumimina. Halafu kila jioni andika sentensi tatu kana kwamba unajaza faili la mgonjwa: ameamkaje, amekula kiasi gani, ngozi ya mgongoni ikoje. Mwalimu akusahihishie. Zoezi hilo dogo lilinisaidia kuliko vitabu vyote vya sarufi nilivyobeba.

Kuomba nafasi

Mafunzo huanza zaidi Aprili, na kati ya Agosti na Oktoba. Omba mwaka mmoja kabla. Nafasi utazipata kwenye tovuti ya Bundesagentur für Arbeit, shirika la ajira la serikali ya Ujerumani, sehemu ya kutafuta kazi, na kwenye tovuti za hospitali zenyewe. Andika Pflegefachfrau (muuguzi wa kike) au Pflegefachmann (wa kiume), ndilo jina la taaluma tangu sheria mpya ya 2020 ilipounganisha uuguzi wa watu wazima, wa watoto na wa wazee kuwa mafunzo ya pamoja. Usibanane na Berlin na Munich. Miji midogo ina uhaba mkubwa wa wauguzi, na kodi ya nyumba haikumalizi.

Wanataka wasifu wako kwa mtindo wa jedwali, barua ya ukurasa mmoja, KCSE na tafsiri yake, cheti cha lugha, na baadaye uthibitisho wa afya na chanjo. Chanjo ya surua ni lazima kisheria kwa wafanyakazi wa hospitali tangu Machi 2020, kwa hiyo tafuta kadi yako ya kliniki ya utotoni mapema, au uchanjwe upya na uandikiwe vizuri. Cheti cha mwenendo mwema cha DCI unaomba kwenye eCitizen kwa shilingi 1,050.

Barua ndiyo inayokutofautisha. Usiandike kwamba una moyo wa huruma na ndoto ya tangu utotoni. Wanazisoma hizo kila siku. Andika ulichofanya kwa mikono yako. Mimi nilieleza jinsi nilivyomhudumia bibi yangu baada ya kiharusi: kumgeuza kitandani ili asipate vidonda, kumkalisha wima kabla ya kumlisha uji asije akapaliwa, kumtoa uani jioni apigwe na upepo. Kwenye mahojiano ya video waliniuliza kuhusu uji ule, si kuhusu ndoto zangu.

Swali wanalolipenda ni hili: utafanyaje mgonjwa akikataa kuoshwa? Sisi tuliolelewa kumbembeleza mgonjwa hadi akubali tunaweza kujibu vibaya. Mgonjwa ana haki ya kukataa. Unamuuliza sababu, unampa nafasi ya baadaye au mtu mwingine wa kumhudumia, unamjulisha muuguzi mkuu wa zamu, unaandika kwenye faili. Sema hivyo, kwa utulivu.

Soma mkataba kama mtu wa kazi

Mkataba ukifika, usikimbilie kusaini kwa furaha. Tafuta ndani yake mambo haya: tarehe ya kuanza, jina la shule mtakayoshirikiana nayo, saa za kazi kwa wiki, siku za likizo, kipindi cha majaribio (kwa uuguzi ni miezi 6) na mshahara wa kila mwaka wa mafunzo. Hospitali za umma hufuata makubaliano ya mishahara yanayoitwa TVAöD. Kuanzia Aprili 2025 kiwango chake kwa uuguzi kilikuwa takriban euro 1,415 kwa mwezi mwaka wa kwanza, 1,477 wa pili na 1,578 wa tatu, na makubaliano hayo yaliweka nyongeza nyingine ya euro 75 kuanzia Mei 2026. Zipo hospitali za makanisa na za watu binafsi zenye viwango vyao, wengi wao karibu na hapo. Ukiona euro 800, uliza kwa nini, na utafute pengine.

Sheria ya uuguzi ya Ujerumani inasema wazi: kifungu chochote kinachomtaka mwanafunzi alipe gharama za mafunzo ni batili. Vitabu na vifaa vya mafunzo ni juu ya hospitali. Na karatasi inayokufunga tangu mwanzo kwamba ukihitimu lazima ubaki kwao miaka kadhaa, la sivyo ulipe faini, nayo ni batili hata ukiisaini. Yaandike haya mahali, kwa sababu kuna watakaokuwekea karatasi hiyo mezani huku wakitabasamu.

Sasa mawakala. Tarehe 13 Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini mjini Berlin makubaliano ya uhamiaji wa wafanyakazi, Rais Ruto na Kansela Scholz wakiwepo. Siku ile ile zikaenea habari za nafasi laki mbili na nusu za kazi. Serikali ya Ujerumani ilikanusha: makubaliano hayana idadi yoyote. Lakini hadi leo kuna mtu na ofisi yake ghorofani anauza "nafasi" katika hizo laki mbili na nusu. Msichana tuliyesoma naye lugha aliuza ng'ombe wa baba yake kumlipa mmoja wao, na mkataba aliopewa ulikuwa wa hospitali ambayo haikuwahi kusikia jina lake. Ukitaka kutumia wakala, hakikisha yuko kwenye orodha ya National Employment Authority, mamlaka ya ajira ya Kenya, kisha chukua nambari ya simu ya hospitali kutoka tovuti ya hospitali yenyewe, si kwa wakala, uwapigie kwa Kijerumani chako uwaulize kama wanakujua. Simu moja tu.

Viza

Utaomba viza ya taifa kwa ajili ya mafunzo ya kazi, kifungu cha 16a cha sheria ya ukaazi, kupitia ubalozi wa Ujerumani. Ada ni euro 75. Mshahara wa hospitali kwa kawaida unatosha kuonyesha kwamba utajimudu, kwa hiyo hutahitaji ile akaunti iliyofungwa ambayo wanafunzi wa vyuo vikuu hujaza maelfu ya euro. Anayekuambia uiweke pesa hiyo kupitia kwake, mkimbie.

Omba hospitali ifanye utaratibu wa haraka kwa wafanyakazi wenye ujuzi, beschleunigtes Fachkräfteverfahren. Wao ndio wanaouanzisha kwenye ofisi ya wageni ya mji wao, ada ni euro 411, na ukikamilika ubalozi unatakiwa ukupe miadi ndani ya wiki tatu. Hospitali nyingi ndogo hazijui utaratibu huu upo. Watajie jina lake kwenye barua pepe. Siku ya miadi utaulizwa kwa Kijerumani unakwenda kufanya nini. Eleza kazi yenyewe, siku inavyokwenda wadini, na shule yako iko wapi.

Hesabu ya mshahara

Euro 1,415 si pesa utakayoishika. Bima ya afya, ya uzeeni, ya ukosefu wa ajira na ya matunzo zinakatwa, kodi ya mapato ni ndogo mno mwaka wa kwanza, na mkononi unabaki na kama euro 1,100. Chumba katika hosteli ya wafanyakazi ni nafuu kuliko nyumba ya mtaani. Uliza mapema, kabla hata ya viza. Kila kaya inalipa ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi, uwe na televisheni au usiwe nayo, na barua yake usiitupe. Usafiri: tiketi ya nchi nzima ilikuwa euro 58 kwa mwezi mwaka 2025 na ikawa 63 mwaka 2026, lakini ukiwa chini ya miaka 27 huku Baden-Württemberg kuna ya vijana iliyo rahisi zaidi.

Nyumbani watazidisha mshahara wako kwa shilingi 150 na kuona utajiri. Kaa na wazazi kabla hujaondoka, uwaonyeshe makato kwenye karatasi, mkubaliane kiasi cha kutuma. Kazi ya ziada inaruhusiwa hadi saa 20 kwa wiki, lakini kwa zamu hizi sikushauri. Ninaowajua walioijaribu waliacha masomo yaporomoke.

Ukifika, ndani ya wiki mbili jiandikishe ofisi ya mji, fungua akaunti ya benki, chagua mfuko wa bima ya afya, kisha panga miadi ya kibali cha ukaazi. Fanya kwa mfuatano huo, kwani kila ofisi inadai karatasi ya iliyotangulia.

Wadini

Hapa ndipo kazi ilipo. Zamu ya asubuhi huanza karibu saa kumi na mbili, ya mchana inaishia usiku, na zamu za usiku utazionja katika nusu ya pili ya mafunzo, saa 80 hadi 120, ukiwa chini ya muuguzi aliyehitimu.

Mwaka wa kwanza utaosha watu. Kwetu kumwosha na kumlisha mgonjwa mara nyingi ni kazi ya ndugu zake, nesi anakuja na sindano na dripu. Huku ndugu huja saa za kutembelea na maua, na mwili wa mgonjwa uko mikononi mwako. Baadhi ya Wakenya huona wameshushwa hadhi. Mimi nimejifunza uuguzi hapo hapo, kwenye beseni la maji ya uvuguvugu: ndipo unapoona wekundu mpya kwenye kisigino, mguu uliovimba kuliko jana, pumzi inayokatika mzee akigeuzwa upande wa kushoto. Ukiona kitu, sema siku ile ile na uandike. Wakishajua kwamba macho yako yanaona, watakuita ukatazame mambo makubwa.

Mwite mgonjwa Herr au Frau na jina la ukoo, na umtumie Sie, "wewe" ya heshima, daima. Kwetu "bibi" na "babu" ni heshima. Huku kumwita mgonjwa Oma au Opa ni kumkosea adabu.

Jiandae na lahaja. Wazee wa huku ni Waswabi, na Kijerumani cha Goethe hawakijui sana. Akikuambia Fuß kinamuuma, darasani ulifundishwa ni wayo, lakini yeye huenda anasema paja, maana kwao neno hilo ni mguu mzima kama ulivyo mguu wetu. Akikuambia umfanyie heben anataka umshike asianguke, si umwinue. Mwombe akuonyeshe kwa kidole kabla hujagusa. Kuuliza mara mbili si aibu. Kumpa mtu dawa ya mgonjwa mwingine ndiyo hatari.

Utazunguka. Saa 400 za kwanza ni za kuzoea hospitali yako, kisha 400 kwenye wadi za wagonjwa wa kulazwa, 400 nyumba ya wazee, 400 huduma ya majumbani, 120 kwa watoto, 120 afya ya akili, na kuelekea mwisho 500 za kuzama katika eneo lililoandikwa kwenye mkataba wako. Zinazobaki hujazwa kwingine. Katika kila sehemu, angalau asilimia 10 ya saa lazima uwe unafundishwa na mkufunzi wa wadi, Praxisanleiter, kwa mpango, siyo kufuatana naye tu akikimbia. Katika saa 400 hizo ni saa 40. Wadi ikiwa na uhaba wa watu saa hizo ndizo zinazoliwa kwanza. Weka daftari: tarehe, jina la mkufunzi, mlichofanya, sahihi yake. Saa zikipungua, nenda na daftari lako kwa msimamizi wa mafunzo ukiwa bado uko wadi hiyo. Ukishahama hakuna wa kukurudishia.

Ukiugua, piga simu kabla ya zamu kuanza, usitume ujumbe wa WhatsApp kwa mwenzako. Mshahara unaendelea hadi wiki 6. Lakini angalia jumla: ukikosa zaidi ya asilimia 10 ya saa za darasani au za kazi, mtihani wako unaweza kuahirishwa.

Mambo yakienda kombo

Katika miezi 6 ya majaribio upande wowote unaweza kuvunja mkataba wakati wowote. Baada ya hapo hospitali haiwezi kukufukuza bila sababu nzito, lakini wewe unaweza kuondoka kwa notisi ya wiki 4. Usiondoke kabla hujapata hospitali nyingine kwa maandishi, kwa sababu kibali chako cha ukaazi kinategemea mkataba. Ukipoteza nafasi kwa sababu isiyo kosa lako, sheria inakupa hadi miezi 6 ya kutafuta nyingine. Hospitali kubwa zina wawakilishi wa wanafunzi, JAV kwa kifupi, na chama cha wafanyakazi cha ver.di kina watu wanaosaidia kusoma barua. Nenda kwao mapema, barua ya kwanza ikifika, usisubiri ya tatu.

Mtihani wa taifa una karatasi tatu za kuandika, wa mdomo mmoja, na wa vitendo unaofanyika kwa wagonjwa halisi mbele ya watahini. Mwisho wa mwaka wa pili kuna mtihani wa kati unaokuonyesha ulipo. Anza kikundi cha kusoma na Wajerumani, siyo sisi kwa sisi, tukikutana tunarudi kwenye Kiswahili baada ya dakika tano.

Ukifaulu, omba cheti cha kutumia jina la taaluma kwa ofisi ya jimbo siku hiyo hiyo ya matokeo, na ubadilishe kibali kuwa cha mfanyakazi mwenye ujuzi kabla cha mafunzo hakijaisha. Mshahara wa muuguzi mpya katika hospitali ya umma unazidi euro 3,000 kwa mwezi kabla ya makato. Na kwa aliyesomea Ujerumani, ukaazi wa kudumu unaweza kuombwa baada ya miaka 2 ya kazi, kwa hiyo hifadhi kila karatasi ya mshahara tangu ile ya kwanza ya Ausbildung.